Mwimbaji wa hekalu na Bibi yangu wa Buger

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu au nimepata kazi ya maana. Hapana. Nilikwenda kumzika Bibi.

Naomba mnivumilie leo, maana habari hii ina wanawake wawili. Mmoja ni Bibi, mzaa baba, mkulima wa mahindi na mbaazi kule Buger, wilaya ya Karatu. Wa pili alifariki yapata miaka 2,800 iliyopita katika nchi ya Misri, na mpaka leo hajafukiwa ardhini. Yuko Chicago, Marekani. Anaitwa Meresamun.

Simu ya baba mdogo ilinikuta chumba cha habari, saa kumi na moja jioni, wakati kila mtu anahangaika na kurasa za kesho. "Bibi ametutoka," akasema, kisha akaniambia kitu kimoja tu: "Wewe ndiye mwandishi. Wasifu utausoma wewe." Asubuhi iliyofuata nilikuwa Magufuli stendi saa kumi na mbili kasoro, kiti cha dirishani, na begi la nguo mbili.

Dar mpaka Karatu ni safari ya kutwa nzima. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, halafu giza linaanza kukuingilia ukielekea Makuyuni. Sikuweza kulala na sikuweza kuandika wasifu. Kila nikifungua ukurasa kwenye simu naandika "Marehemu alizaliwa" halafu nakwama. Basi nikafungua kitabu nilichokuwa nimekipakua wiki moja kabla kwa ajili ya makala ya Jumapili, kuhusu Wamisri wa kale. Kinapatikana bure kwenye intaneti, kimehaririwa na Emily Teeter na Janet Johnson, na kinamhusu huyo Meresamun.

Nawasimulia kwa kifupi. Mwaka 1920 James Henry Breasted, mtaalamu wa mambo ya Misri wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa Misri akinunua vitu vya kale kwa ajili ya taasisi aliyoianzisha mwaka mmoja kabla. Kati ya alivyonunua lilikuwemo jeneza zuri ajabu, limechorwa rangi kuanzia kichwani hadi miguuni, na ndani yake mwili umefungwa. Halikuwahi kufunguliwa. Wazungu wa karne ya 19 walikuwa na tabia ya kuwafungua watu hawa mbele ya wageni waalikwa, kama vile mtu anafungua zawadi ya harusi. Huyu alinusurika.

Maandishi ya kwenye jeneza yanataja jina na cheo. Jina lina maana ya "Amun anampenda". Cheo ni Mwimbaji wa Ndani ya Hekalu la Amun. Hicho hakikuwa cheo cha mtu yeyote tu. Wanawake waliokipata walitoka katika familia kubwa za Thebes, familia za makuhani na wakuu wa serikali. Kazi yao ilikuwa kuimba mbele ya mungu, katika vyumba ambavyo mwananchi wa kawaida asingeruhusiwa kukanyaga, huku wakitikisa kifaa kiitwacho sistrum. Ukikiona sistrum utasema huyu ni ndugu wa kayamba. Imani yao ilikuwa kwamba sauti ya uimbaji na mlio wa kifaa kile vinamtuliza mungu na kumfurahisha, na mungu akifurahi dunia inakwenda sawa.

Mwaka 2008 walimpitisha kwenye mashine ya CT bila kufungua jeneza. Wakaona kwamba alikuwa na miaka kama thelathini, urefu kama sentimita 166, na afya nzuri. Meno yake yalikuwa yamelika kwa sababu mkate wa Misri ulikuwa na mchanga wa kutoka kwenye mawe ya kusagia. Nini kilimuua, mashine haikuonyesha. Mwaka 2009 wakafanya maonyesho, watu wakapanga foleni kwenda kumwona.

Nikiwa hapo Same, jua linachoma pazia la basi, nikagundua jambo la aibu. Huyu mwanamke wa Misri najua kimo chake, hali ya meno yake, kazi yake na maana ya jina lake. Bibi, aliyeninyoa nywele kwa wembe mpaka nikafika darasa la tano, sijui hata alizaliwa lini.

Kabla sijafika Buger, hebu niwape siri ya sisi Wairaqw. Ukisoma sekondari Karatu au Mbulu lazima utakutana na mtu atakayekuambia kwamba asili yetu ni Iraki. Iraqw, Iraki, si unaona? Wengine wanaona Iraki haitoshi, wanaongeza Misri. Mimi nilikuwa muumini mkubwa. Kidato cha pili nilikuwa na daftari nimechora piramidi kwenye jalada, na darasani nilimwambia mwalimu wa historia kuwa Mafarao ni babu zangu. Alicheka mpaka chaki ikamdondoka.

Ukweli ni huu. Mwaka 1998 mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliandika jinsi dhana hiyo ya Iraki ilivyoanza kama kisio na kugeuka hadithi ambayo watu wanaisimulia kama vile waliipokea kwa mababu. Kinachojulikana ni kwamba lugha yetu ni ya Kikushi, na Kikushi pamoja na Kimisri cha kale ni matawi ya familia moja kubwa ya lugha. Kwa hiyo Bibi na Meresamun ni ndugu kwa namna ile ya ukoo mpana, wale mnaokutana kwenye msiba na kuulizana "hivi sisi tunahusianaje?" Babu wa kumdai hapo hayupo.

Lakini jambo lililonichoma zaidi si hilo. Wakati mimi nachora piramidi, kulikuwa na makaburi ya kale karibu na nyumbani kuliko Moshi. Ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna vilima vya mawe ambavyo ni makaburi. Hans Reck, yule Mjerumani aliyefukua Olduvai mwaka 1913, aliyachimba baadhi enzi za ukoloni wa Kijerumani, na mwaka 1966 Mary Leakey naye akaandika juu ya uchimbaji wa makaburi hayo. Watu walizikwa humo na mabakuli ya mawe na shanga. Walikuwa wafugaji, walioishi nyanda hizi kabla ya ng'ombe wa yeyote tunayemfahamu leo kukanyaga hapa. Na kule Luxmanda, wilaya ya Babati, yamepatikana mabaki ya mtoto wa kike aliyeishi yapata miaka 3,100 iliyopita, yaani kabla ya Meresamun kuzaliwa. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza matokeo ya DNA yake: zaidi ya theluthi ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Kumbe watu walitembea, waliona, walioana, taratibu, kizazi kwa kizazi, na huko ndiko historia iliko. Ila yule mtoto hana jeneza lenye rangi. Hana jina. Ndiyo maana sikumchora kwenye daftari.

Haya, turudi kwenye msiba.

Ukipanda ule ukuta wa Mto wa Mbu usiku huoni Ziwa Manyara, unasikia baridi tu ikiingia kwenye basi. Nililala Karatu mjini kwa rafiki, alfajiri nikachukua bodaboda. Barabara ya kwenda Buger ilikuwa ya vumbi jekundu, na nilipofika nilikuwa nafanana na tofali. Turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanawake kwenye masufuria, wazee kwenye viti vya plastiki, kijana mmoja mezani na daftari la michango. Shangazi mkubwa akanishika kichwa kwa mikono miwili, hakusema neno, na mimi ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo shangazi," nikasema baadaye kidogo, nikiwa na kalamu.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Shangazi, Bibi alizaliwa lini?"

Akaniangalia kama vile nimeuliza uzito wa mlima. "Mwaka wa nzige," akasema.

Kitambulisho chake kilisema tarehe 1 Januari, kama vitambulisho vya wazee wengi wa nchi hii, utadhani akina bibi wote wa Tanzania walizaliwa siku ya mwaka mpya. Nikawauliza wazee kwenye viti. Mmoja akasema ndiyo, nzige. Mwingine akauliza nzige wapi, maana Tanganyika ilivamiwa na nzige zaidi ya mara moja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mpaka miaka ya 1940. Hapo ukazuka ubishi mkali na mtamu, wazee wakihesabu kwa njaa, kwa ndoa na kwa ng'ombe waliokufa, na mimi mwandishi wa habari ninayejisifia kuhakiki taarifa nimesimama katikati na karatasi tupu. Mwisho nikaandika: "Alizaliwa mwaka wa nzige." Mhariri wangu angeifuta. Shangazi akaisoma akasema, "Hapo sawa."

Mchana huo baba zangu walikaa kikao cha kaburi. Baba mdogo alitaka saruji, vigae na jiwe lenye maandishi. Baba mkubwa alitaka udongo na msalaba wa mbao, kama babu. Kila upande ulikuwa na hoja. Baba mdogo alisema, "Bila saruji, miaka ishirini ijayo watalima juu yake." Baba mkubwa akajibu kwamba mama yao alilima maisha yake yote, sasa akilimwa juu kuna ubaya gani?

Mimi nilikaa kimya nikimfikiria Meresamun. Wamisri ndio waliokuwa watu wa baba mdogo hasa, waliogopa kusahaulika kuliko walivyoogopa kufa. Kuandaa mwili wa mtu wa hadhi kulichukua siku 70, na siku 40 hivi kati ya hizo mwili ulikuwa umefukiwa kwenye chumvi ili ukauke. Mapafu, ini, tumbo na utumbo vilitolewa na kuhifadhiwa. Ubongo, walioona hauna kazi, waliutolea puani wakautupa. Moyo waliuacha, maana waliamini ndio utakaopimwa kwenye mizani mbele ya miungu, na upande wa pili kuna unyoya wa ukweli. Ukiwa mzito kwa maovu, umekwisha.

Na ile chumvi, mnajua ni nini? Ni magadi. Natron, wanaita, na ndilo jina lililobandikwa kwenye Ziwa Natron letu, kule mpakani na Kenya. Yale yale ambayo Bibi alikuwa akiweka kwenye makande ili maharage yaive haraka. Aliyatunza kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, akichota kwa ncha ya kisu. "Ukizidisha," alikuwa akiniambia, "utakula sabuni." Nilipoingia jikoni siku ile kopo lilikuwa pale pale. Kitu kilichomfanya Meresamun adumu miaka 2,800, Bibi alikipikia makande, na hakikumdumisha hata siku moja.

Kikao kilimalizika kwa kuafikiana: udongo sasa, saruji baada ya mavuno, kama hela itakuwepo. Nadhani mnajua hiyo "kama" ya Kitanzania.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika.

Bibi aliimba. Aliimba kwaya ya kanisani zaidi ya miaka arobaini, sauti ya pili, mpaka magoti yalipokataa kupanda kilima cha kwenda kanisani. Lakini nyumbani aliimba vingine. Akisaga, akipepeta, akibembeleza mtoto, alikuwa na nyimbo za Kiiraqw ambazo mimi, mtoto wa bweni na baadaye mtoto wa Dar, nilikuwa nasikia nusu na kuelewa robo. Sisi tuna sala za zamani ziitwazo slufay, mzee anatamka na watu wanaitikia. Na tulikuwa tunamwita Looa, ambaye ni jua, na ambaye ni mama. Wamisri nao walikuwa na mungu jua, ila wa kwao alikuwa mwanamume. Bibi alikuwa Mkristo safi na hakuona tabu yoyote jina hilo likimponyoka wimboni.

Krismasi ya mwaka juzi nilimrekodi. Tulikuwa jikoni, mvua inanyesha, nikaweka simu juu ya gunia. Aliimba kama dakika kumi na moja. Katikati alisimama kumfukuza kuku, akaendelea. Nilimwahidi kwamba nitarudi na kifaa kizuri cha ofisini, tukae siku nzima, anitafsirie kila neno. Akasema, "Njoo kabla sijasahau."

Miezi mitatu baadaye nilikuwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari, kiongozi anaongea, simu ikaniandikia kuwa nafasi imejaa. Nikafuta mafaili haraka haraka kutoka juu kwenda chini. Niligundua usiku. Nilimrekodi kiongozi huyo dakika arobaini na nane, na habari ikatoka ukurasa wa saba, aya nne. Leo ukiniuliza alisema nini sikumbuki hata sentensi moja.

Sikumwambia Bibi. Na sikurudi, kwa sababu ningerudi ningelazimika kumwambia. Kila alipopiga simu nilisema mwezi ujao.

Usiku wa kuamkia mazishi nilikuwa nje, moto unawaka, nikamweleza shangazi. Nilitegemea anigombeze. Akanyamaza sana, kisha akauliza yule mama wa Misri niliyekuwa nikiwasimulia watoto jioni, wao walikuwa na nyimbo zake?

Nikaanza kujibu nikasita. Hawana. Wana mifupa yake, meno yake, rangi za jeneza lake, wanajua cheo chake kilikuwa Mwimbaji. Sauti hawana, wala namna nyimbo zile zilivyopandishwa na kushushwa hakuna anayeijua. Wamehifadhi kila kitu isipokuwa ile kazi aliyoifanya.

"Basi," akasema shangazi, "sisi tumemzidi. Mimi nazijua tatu."

Tulimzika saa nane mchana, kando ya babu, mbele ya shamba la mbaazi. Wasifu niliusoma mimi. Ulikuwa ukurasa mmoja. Nilisema alizaliwa mwaka wa nzige, alilima, alizaa tisa akazika wawili, aliimba. Nilipofika kwenye "aliimba" sauti ilikatika na katekista akanishika bega. Kisha shangazi, bila kuwa kwenye ratiba, akaanza. Haukuwa wimbo wa kitabuni. Wanawake wa umri wake wakaitikia, mmoja mmoja, mpaka likawa kundi, huku udongo unashuka. Ulikuwa ni ule wa dakika ya nne, ule uliokatizwa na kuku. Nilikuwa na simu mfukoni, imejaa chaji, ina nafasi tele. Sikuitoa, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na koleo.

Nilitakiwa kurudi kazini Jumatatu. Niliomba siku tatu, nikapewa mbili, nikachukua nne. Shangazi alinifundisha nyimbo zile tatu tukipukuchua mahindi. Kiiraqw kina sauti za kooni ambazo ulimi wangu umezisahau, na kila nikikosea watoto wanaanguka kwa kicheko. Nilirekodi, ndiyo, nikatuma nakala kwa binamu wanne ili hata nikiwa mjinga tena ziwepo. Lakini shangazi alinikatalia kuondoka mpaka niuimbe wote bila simu.

Wa kwanza nimeushika. Wa pili nusu. Wa tatu, anasema, ni mgumu, nirudi wakati wa mavuno, tutakapokuwa tunaangalia habari ya saruji. Nimeshaandika barua ya kuomba likizo na safari hii tarehe nimeijaza.